Naomba ushauri: kubadilisha seti za mipangilio ya eneokazi kwa OverlayFS

Muulizaji
Wakuu, habari za kazi. Natumia KDE Plasma (eneokazi la Linux) kwa shughuli mbili: kufundisha, ambako nahitaji herufi kubwa na paneli tupu, na kazi zangu za usiku, ambako napenda rangi za giza. Natumia OverlayFS, mfumo wa Linux unaounganisha saraka kadhaa zionekane kama moja na kuandika mabadiliko kwenye tabaka la juu tu: mipangilio ya msingi nimeifanya tabaka la chini, kila shughuli ina tabaka lake la juu, na muunganiko wake unapachikwa (mount) kwenye ~/.config, saraka ya mipangilio ya programu. Jana nilihamia seti ya darasani nikiwa bado ndani ya Plasma; nilipoingia upya, seti hiyo ilikuwa imechanganyika na mambo ya usiku. Nimekosea wapi?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, umebadilisha mkeka watu wakiwa bado wameukalia. Programu zilizokuwa wazi zilishika mipangilio ya usiku kwenye kumbukumbu, na baadhi huandika mafaili yake wakati wa kufungwa, kwa hiyo ziliandika kwenye tabaka jipya. Toka Plasma kabisa, ingia kwenye terminali ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3, ondoa upachiko wa zamani, ndipo upachike mwingine. Kila seti iwe na saraka yake ya workdir (ya kazi za ndani za OverlayFS), tupu, katika mfumo uleule wa faili ilimo upperdir, yaani tabaka la juu. Tena usihariri tabaka la chini likiwa limepachikwa, kwa sababu matokeo yake hayatabiriki.

Mchangiaji wa pili
Mimi ningeanza na GNU Stow, programu inayotumia viungo tu (symlink, yaani faili linaloelekeza kwa jingine), ingawa ina kero yake: programu inayohifadhi kwa kuandika faili la muda na kulibadili jina huweka faili halisi mahali pa kiungo, na seti yako inaachwa nyuma bila taarifa. Kwa hilo OverlayFS inashinda. Kwa watumiaji wa GNOME, eneokazi jingine la Linux, faida ni ndogo, maana dconf, hifadhi yake ya mipangilio, hukusanya karibu kila kitu katika faili moja la jozi (binary), na ukigusa fonti tu, nakala nzima ya faili huishia kwenye tabaka la juu.

Muulizaji
Nimefuata utaratibu wa terminali na seti hazichanganyiki tena. Ila kwenye tabaka la darasani, ls -l inaonyesha faili la ajabu linaloanza na herufi c, lenye namba 0, 0 mahali pa ukubwa.

Mchangiaji wa kwanza
Bila shaka faili la jina hilo liliwahi kufutwa au kubadilishwa jina ukiwa kwenye seti ya darasani. Hiyo ni alama ya OverlayFS ya kulificha lile la tabaka la chini. Ukiiondoa, upachiko ukiwa umeondolewa, faili la msingi litaonekana tena.