Kuhamisha miradi kutoka GitHub kwenda kwenye seva yetu wenyewe: tuanzie wapi?

mizani_ya_ghala aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni kikundi cha watu sita hapa Dar es Salaam tunaotengeneza programu za uhasibu na za kutunza ghala kwa ajili ya maduka ya jumla, na tangu mwaka 2017 miradi yetu yote, ambayo sasa imefika 38, imekaa GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi msimbo wa programu. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikazorota nchini, tulijikuta tumeketi meza moja tukipitishiana msimbo kwa flashi. Ndipo nilipotambua kwamba mistari aliyoiandika jirani yangu, ambaye ningeweza kumgusa bega, ilikuwa ikivuka bahari kwanza kabla ya kunifikia.

Tunayo kompyuta moja yenye RAM ya GB 8 na betri ya akiba, nasi tungependa kuifanya seva. Naomba ushauri juu ya programu ya kuweka, na hasa juu ya namna ya kuhamisha hoja zetu, yaani taarifa za hitilafu pamoja na mabishano yote ya miaka hiyo, bila kuyapoteza. Miradi mitatu kati ya hiyo ni huria na ina wachangiaji wa nje.

fundi_tawi alijibu:

Ndugu yangu, kwanza nikutoe hofu kuhusu msimbo wenyewe. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, tangu Linus Torvalds alipoianzisha Aprili 2005, haina kitu kinachoitwa makao makuu: kila kompyuta iliyochukua nakala inayo historia nzima. Siku ile ya flashi, kompyuta yoyote kati ya zenu sita ingeweza kuwa seva ya wengine kupitia mtandao wa ndani, kwa amri ya `git init --bare` na SSH (njia salama ya kuunganisha kompyuta) tu. Kilichowafunga ni mazoea.

Kazi ni ile isiyokaa ndani ya Git, yaani hoja, maoni, maombi ya kuunganisha, na matoleo, kwa sababu hivyo vimo katika hifadhidata ya jukwaa. Kwa mashine yenu ningechagua Forgejo, programu ya kuendesha jukwaa kama GitHub kwenye seva yako mwenyewe, iliyochipuka kutoka Gitea mwishoni mwa 2022 kama Gitea yenyewe ilivyochipuka kutoka Gogs mwaka 2016. Ni faili moja ya programu, inaridhika na hifadhidata ya SQLite, na GB 8 kwake ni nyingi. GitLab, programu nyingine ya aina hiyo, ni nzuri, ila itaimeza mashine hiyo yote peke yake.

Forgejo ina ukurasa wa uhamisho: unabandika anwani ya mradi, unaweka tokeni ya GitHub (ufunguo wa siri wa akaunti yako), kisha unachagua vya kubeba. Usiiache tokeni, maana bila hiyo GitHub inakuruhusu maulizo 60 kwa saa, na ukiwa nayo 5,000. Usichague pia kuufanya mradi kuwa kioo cha ule wa zamani, yaani nakala inayojisasisha yenyewe kuufuata, kwa kuwa kioo huleta msimbo na kuziacha hoja nyuma. Namba za hoja hubaki zilezile, hivyo komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) iliyosema inarekebisha #214 itaendelea kuelekeza panapostahili. Lakini viungo vilivyoandikwa kwa anwani kamili vitaendelea kuwarudisha wasomaji GitHub.

mlinzi_wa_zamu alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila amesimulia harusi bila kutaja ndoa. Kuhama ni kazi ya siku mbili, na kuilinda seva ni kazi ya miaka yote itakayofuata. Mimi niliwahi kutunza seva kama hiyo kwa kikundi kidogo, na kila usiku ilitengeneza nakala rudufu kwa utiifu kabisa, isipokuwa nilikuwa nimeielekeza kwenye diski ileile. Diski ilipokufa, nakala 90 zilikufa nayo. Tuliokoka kwa sababu ya jambo hilohilo alilolisema fundi_tawi: msimbo ulikuwa kwenye kompyuta za kila mmoja. Hoja hazikuwa kwa yeyote.

Hata wakubwa hujikwaa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu ya huduma yao, na walipozikimbilia njia tano za kuhifadhi walizokuwa nazo, hawakukuta hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa muda wa saa sita kabla ya ajali hiyo, kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo msihesabu kwamba mna nakala rudufu mpaka mmeirejesha kwenye mashine nyingine mkaifungua.

Fungeni pia usajili wa wazi siku ya kwanza, la sivyo mtaamka mkute mamia ya akaunti za matangazo.

nyuzi_huria alijibu:

Nina pingamizi kuhusu ile miradi mitatu huria. Miradi mikubwa ya programu huria imewahi kuhama, GNOME wakihamia GitLab yao wenyewe mwaka 2018 na KDE mwaka 2020, lakini wale wana watu maalumu wa kuziangalia seva usiku na mchana. Kikundi cha watu sita kikifungua mlango wa seva ya ofisini kwa dunia nzima, kitakutana na watambazi wanaokusanya data ya kufunzia akili mnemba, ambao hufungua kila komiti ya kila faili bila kuchoka. Mwaka 2025 tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi cha seva nyingi za programu huria kuweka Anubis, kinga inayokilazimisha kivinjari kufanya hesabu kidogo kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Ushauri wangu: miradi ya wateja ibaki ofisini bila kuonekana nje, na hiyo mitatu ipelekeni Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha faida huko Berlin na inayotumia Forgejo hiyohiyo. Mradi wa lugha ya programu ya Zig ulihamia huko Novemba 2025. Mkitaka kubakiza kioo GitHub kwa ajili ya wanaowatafuta huko, msiihifadhi miradi ya zamani kama kumbukumbu iliyofungwa, maana ikishafungwa haipokei komiti mpya na kioo chenu kitasimama.

Majaribio ya kiotomatiki nayo yana mtego. Forgejo husoma maelekezo ya majaribio hayo yaliyomo katika folda ya `.github/workflows` ikiwa hamjaweka yake, lakini kiendeshaji, yaani programu inayoyatekeleza, mnakisimika wenyewe, tena afadhali kwenye mashine nyingine. Na manenosiri mliyoyaficha GitHub hayahami, kwa kuwa jukwaa hilo halimwonyeshi mtu yeyote thamani zake, hata mwenyewe.

mizani_ya_ghala alijibu:

Nawashukuru sana, wakuu. Tumejaribu na mradi mmoja wa zamani, na hoja zake zote 412 zimefika. Maoni yote yameingia chini ya akaunti yangu mimi niliyehamisha, jina la mwandishi wa awali likiwa limeandikwa pembeni, jambo ambalo wenzangu wamelinung'unikia kidogo kisha wakalikubali. Nakala rudufu tumeirejesha kwenye kompyuta ya mhasibu, ikafunguka.

Jambo moja ambalo hatukulitarajia: tulipochomoa waya wa intaneti kwenye ruta ili kuiga siku ile ya Mei, hakuna aliyeweza kupeleka komiti, ingawa seva ilikuwa ikinguruma chini ya meza yetu. Kumbe jina la kikoa tuliloipa seva lilikuwa bado linaulizwa nje ya nchi. Tumeliandika jina hilo ndani ya ruta yenyewe, tukachomoa waya tena, na komiti ya jirani yangu ikanifikia kabla hajainua kichwa.