Naomba ushauri: basi la watalii au matembezi ya miguu, tukiwa na bibi na mtoto mdogo?

Wakuu, habari zenu. Tunakwenda kutembelea mji ambao hakuna kati yetu anayeufahamu: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto, mdogo ana miaka minne. Ni safari ya wikiendi tu, kwa hiyo nafasi ya kubahatisha ni finyu.

Mimi navutiwa na basi la ghorofa lililo wazi juu, lile la kupanda na kushuka unapotaka. Magoti ya mama yatapumzika, na tiketi ya saa 24 kwa kawaida huanza kuhesabika unapoitumia mara ya kwanza, si unapoinunua. Wasiwasi wangu ni foleni. Mkishuka mahali, basi linalofuata linaweza kuja limejaa, mkabaki mmesimama juani na mtoto ameshaanza kulia. Halafu maelezo mengi ni ya kurekodiwa, unayasikia kwa spika za masikioni; huyu mdogo atazivua kabla hatujafika kona ya kwanza.

Mke wangu anataka matembezi na mwongozaji. Ni kweli mtu anauelewa mji zaidi na anaweza kuuliza maswali, lakini saa mbili au tatu kwenye barabara za mawe na kigari cha mtoto? (Anayesukuma kigari ni mimi, nasema tu.)

Mliosafiri na wazee na watoto pamoja, mlichagua nini? Nikifikiria kuzunguka na basi siku ya kwanza bila kushuka, kesho yake turudi sehemu tulizozipenda, napoteza muda? Na tiketi mlikata mapema, au mlisubiri kuona hali ya hewa?