Nisaidieni jina la sehemu ya kuchezea watoto, niko Arusha

MamaWawili
Habari zenu wadau. Nimekodi kiwanja huku Moshono, kina uzio na kivuli, nataka kufungua sehemu ya watoto kucheza wikiendi na likizo. Nina lile puto kubwa la kuruka, trampolini moja, bembea na sehemu ya mchanga, na katikati ya wiki puto litakuwa linakodishwa kwenye bathidei. Kila kitu kipo kasoro jina. Mume wangu anataka Happy Kids Play Centre, mi nilikuwa na Toto Land, mdogo wangu anasema lazima Meru iwemo ili watu wajue ni Chuga. Wiki ya tatu hii tunabishana jikoni. Naombeni jina linalonasa jamani, fundi wa bango ananisubiri.

Mkazi wa Sakina
Huyo fundi mwambie atulie kwanza. Mi nilichapisha bango na tisheti za saluni, nikaingia kwenye mfumo wa BRELA, wale wa serikali wanaosajili majina ya biashara, nikakuta jina lina mwenyewe tayari, zile tisheti mpaka leo tunadekia. Anza kwa kulitafuta humo humo kwenye mfumo, ukiwa na namba ya NIDA maombi unafanya mwenyewe kwa simu. Na Meru achana nayo dada, mji huu ukitupa jiwe linadondokea kwenye kitu kinaitwa Meru.

Kijana wa Pasua
Huku Moshi ndo usiseme, ni Kibo, Mawenzi, Kili basi. Ila hoja yangu ni nyingine. Anayekuletea hela ni mzazi lakini anayemsumbua mzazi ni mtoto, kwaio jina ni la mtoto. Wa miaka minne akiamka jumamosi anataka kuja kwako atasemaje? Play Centre hatasema, atasema "kule kwenye puto", na siku jirani naye akinunua puto basi umeshagawana naye wateja. Toto nayo ina shida yake, dogo wa miaka tisa hataki kuonekana kwenye kitu cha watoto wadogo, anajiona keshakuwa chalii.

MamaWawili
😂😂 Chalii! Au niite Machalii kabisa?

Kijana wa Pasua
Wenye mabinti watakupita mlangoni. Na mama aliyehamia juzi akisikia machalii atafikiri ni kijiwe cha stendi.

Bibi Mtaa
Wanangu mbona mnahangaika na Kizungu wakati michezo yetu yote ina majina matamu. Kombolela, rede, mdako, ukuti ukuti, kidali po. Kombolela lenyewe linatoka kwenye kukomboa, wenzako wameshikwa halafu wewe unatoka mafichoni mbio unawakomboa, na ukifika unalipiga kelele hilo hilo jina. Yaani jina ambalo mtoto anafundishwa kulipayuka!

Mkazi wa Sakina
Bibi shikamoo, ila kombolela hapana 🙈 Waliokua miaka yetu wanajua ile ya giza limeingia watu walikuwa wanajificha wawili wawili na hawatafutwi. Kibaba na mama ndo kabisa usithubutu kuandika ukutani.

Bibi Mtaa
Marahaba. Hayo mliyafanya nyinyi, sisi tulikuwa tunacheza.

Kijana wa Pasua
Kidali po basi! Mmoja anaita "kidali!" wengine wanajibu "po!" Hebu fikiria siku ya kutangaza, unapita na spika kwenye bajaji unasema nusu tu ya jina, nusu nyingine watoto wa mtaa wanakumalizia bure. Na ni fupi, linaenea kwenye bango na kwenye kofia. Halafu mpigie bodaboda umtajie jina kwa sauti, mara moja tu, akilirudia vibaya jua hata wateja watapotea njia.

MamaWawili
Mume wangu anauliza, na wageni je? Huku kuna watu wa EAC, mashirika, watu wa utalii, wao si wanataka Kiingereza?

Mkazi wa Sakina
Watoto wao wanaongea Kiswahili kushinda wazazi. Chini ya jina weka mstari mdogo wa Kiingereza, yameisha. Kitu cha muhimu zaidi, ukisajili jina la biashara usidhani umelimiliki, ulinzi wenyewe uko kwenye alama ya biashara na hiyo ni usajili wa peke yake, inaanza na miaka 7 halafu unahuisha kila baada ya 10. Sio lazima sasa hivi, ila likishika usichelewe, watu wa mji huu wanakopi mpaka rangi ya geti.

MamaWawili
Nimerudi. Jana jioni nimewatajia watoto wa jirani majina manne, sikuwaambia ni ya nini. Leo asubuhi yule mdogo kabisa kachungulia dirishani kasema "mama wawili, kidali!" nikajibu po hata sijafikiri, mume wangu kanywa chai kimya. Naingia kwenye mfumo kutafuta. Sasa mwenye namba ya mchoraji wa ukutani anicheki inbox, ila awe anajua kuchora watoto wasiotisha, maana wale wa kwenye kuta za nasari yetu ya hapa mtaani wana meno ya watu wazima.