Mchapaji wetu wa "vitabu adimu" leo kanidhalilisha mbele ya wateja

Wakuu, naandika bado natetemeka kwa hasira. Jina simtaji, hakuna wa humu asiyemjua. Ni yule yule ambaye kila jalada lake lina machweo na ngamia, hata kitabu kikiwa cha sarufi.

Leo mchana nimemrudishia Desturi za Wasuaheli. Nimemfungulia ukurasa, nimemwekea kidole kwenye makosa. Akakifunga kitabu, akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti duka zima lisikie: "Kwani wewe ungekisoma chote?"

Ungekisoma chote! Nimelipa elfu arobaini na tano, halafu naulizwa kama ningesoma!

Hicho kitabu kilitoka Göttingen mwaka 1903. Huyu bwana alichofanya ni kuchukua skani, akaiachia programu igeuze picha kuwa maandishi, akapeleka mashineni bila jicho la binadamu kupita hata ukurasa mmoja. Programu ikikutana na m iliyofifia inaandika rn. Sasa nyie fikirieni Kiswahili na herufi m! Mtu kawa rntu. Mtoto kawa rntoto. Mama, maskini, kawa rnarna. Kitabu kinaeleza maisha ya watu wa pwani, kuanzia kuzaliwa, jando, ngoma, harusi hadi maziko, na hamna mtu hata mmoja ndani! Rnke anaolewa na rnurne, wanazaa rntoto, rnganga anaitwa. Nimesoma kurasa chache tu mke wangu akaja kuniuliza nani kanipandisha pepo.

Hayo ningemeza. Jalada limeandikwa "Mtunzi: Carl Velten". Velten alikusanya na kuhariri. Mengi ya yaliyomo yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Alioa Mjerumani, mwaka 1905 akataka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ikawakatalia kuingia. Akafia Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya 1981 imemweka Mtoro mpaka kwenye jina la kitabu, pamoja na Waswahili wengine waliochangia. Yaani kazi ya kumrudishia mtu heshima yake ilishafanywa, huyu alitakiwa kunakili jina tu. Mzungu kawekwa, mswahili mwenye maneno yake hayupo nje wala ndani, na anayemfuta ni mwenzetu!

Nilipomwambia hilo ndipo akanijibu vile. Kwani wewe ungekisoma chote. Mbele ya watu.

Kibatari: Pole mkuu. Nina Burton yake, yule msafiri Mwingereza, ile Zanzibar ya 1872. Kazi ile ina juzuu mbili. Kaniuzia ya kwanza, na jalada halisemi popote kwamba kuna ya pili. Nimefika mwisho nikadhani Burton kakata tamaa njiani.

MkeWaMwalimu: Na ramani je? Vitabu vya wasafiri wale vilikuwa na ramani ya kukunjua. Aliyeskani hakuikunjua, kwa hiyo tunauziwa picha ya karatasi iliyokunjwa. Yangu ina na kidole cha mtu pembeni, kimechapwa vizuri kuliko maandishi.

Dogo Janja wa Posta: Elfu 45 kwa kitabu cha 1903? Mkuu unazo. Skani za vitabu vya umri huo zimejaa Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, bure. Ulienda kununua ngamia.

Mleta uzi: Dogo, nina mama wa miaka themanini, Bagamoyo ndiko kwao. Nimsomee kwenye simu yenye kioo kilichopasuka? Nilitaka kitabu akishike mkononi. Na hata kingekuwa cha shilingi mia, mtu haniulizi mbele ya wateja kama najua kusoma!

Dogo Janja wa Posta: Hajakuuliza kama unajua kusoma. Kauliza kama ungekisoma chote. Jibu basi, ungekisoma?

Mleta uzi: NINGEKISOMA CHOTE.

Shangazi Tausi: 😂😂 Nimeweka kiti. Endeleeni.

Mvita Asili: Ndugu zangu, nyinyi mwalia herufi, sisi Mombasa twalia mashairi. Mashairi ya Muyaka, mshairi wetu wa karne ya kumi na tisa, yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua na wenziwe, Hichens akayatoa Johannesburg mwaka 1940, Profesa Abdulaziz akayatengeneza tena mwaka 1979. Watu wamehangaika karne nzima. Kisha huyo bwana wenu kayamimina yote kama habari ya gazeti, mstari hadi mstari, hapana ubeti, hapana kina, mizani imekwenda na maji. Shairi la Muyaka laonekana kama tangazo la kiwanja! Heri rn zako mara elfu.

Kibatari: Shairi bila beti?! Hapana, hapo kazidi.

Mleta uzi: Mvita, pole sana, lakini wewe hakukutukana.

Mvita Asili: Kumchana Muyaka si kunitukana mimi?

Fundi Jalada: Mimi ni mtu wa kiwandani, niseme kidogo. Kuchapa kitabu cha kale vizuri ni gharama. Unalipa mtu aandike upya, mwingine asome prufu na asili ikiwa pembeni, na msomi aandike dibaji. Kwa nakala hamsini hela hairudi. Ndiyo maana wanachapa moja moja, mteja akiagiza. Kama huna hela ya prufu, chapa picha za kurasa kama zilivyo. Zitakuwa na madoa lakini hakuna neno litakalobadilika. Kugeuza maandishi kwa programu halafu usisome, huo ni uvivu, na anajua.

Dogo Janja wa Posta: Gundi ndiyo msiizungumze. Kitabu changu nilikifungua mara moja tu, kikawa kalenda.

MkeWaMwalimu: Fundi, na Krapf je, yule mmisionari? Ile kamusi yake ya Kiswahili ya 1882 imepangwa safu mbili kila ukurasa. Programu yake imesoma moja kwa moja kutoka safu hii hadi ile. Natafuta neno, maana inaanza vizuri, katikati inahamia kwa jirani, inamalizikia kwenye samaki. Mwanafunzi wangu kanukuu hivyo hivyo kwenye tasnifu!

Shangazi Tausi: Tasnifu? Siku hizi wanafunzi wanasoma kamusi? Si wanasoma madesa tu, kopi ya kopi ya kopi, mpaka herufi zimebaki vumbi.

Mwanachuo 07: Shangazi usituonee. Maktaba ina nakala moja, mhadhiri kaiazima tangu sijaanza chuo. Tufanyeje bila madesa?

Kibatari: Wahadhiri hao hao wanaouza vitabu vyao kwa lazima darasani. Wa kwangu alikuwa na orodha, usiponunua jina lako hakulioni.

Mwanachuo 07: Wa kwetu anasaini nakala ili usimwazime mwenzako!

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kaniambia "kwani wewe ungekisoma chote".

Dogo Janja wa Posta: Tumesikia mkuu. Na ungekisoma chote. Tumeandika.

Fundi Jalada: Mwanachuo, huyo wa kusaini anafundisha wapi? Nadhani alileta kazi kwangu akaondoka bila kulipa.

Mwanachuo 07: Siandiki hapa, sijamaliza mitihani. Njoo inbox.

Mvita Asili: Mimi nauliza wenye Sacleux ya kweli, kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa, ile ya Paris ya 1939, si ya ngamia. Juzuu zote mbili. Nanunua hata kama mende wamekula pembeni.

Kibatari: Mvita ninayo ya kwanza. Weka bei.