Hospitali yetu hapa Moshi ilituuliza wauguzi kama tunaridhika na kazi, kisha ikatujibu kwa semina

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja binafsi hapa Moshi mjini, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha.

Uongozi ulitugawia dodoso la kupima kuridhika kwetu na kazi. Tulilijaza kwa uaminifu, wengine hadi nyuma ya karatasi, kwa kuwa tuliamini anayeuliza anataka kujua. Majibu yake hatujasomewa mpaka leo. Tulichopata ni semina ya lugha nzuri kwa mteja, ambayo waliotoka zamu ya usiku walilazimika kuihudhuria bila kulala, na humo mwezeshaji akatueleza kwamba Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwishaonyesha mwaka 1959 kwamba mshahara hauleti kuridhika.

Alitusomea nusu tu ya maneno ya Herzberg. Mtafiti huyo huyo alisema kwamba mshahara duni, mazingira mabaya na usimamizi mbovu ndivyo vinavyozaa manung'uniko, na kwamba kuridhika hutokana na kutambuliwa, kupewa dhamana na kupanda cheo. Tena aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Hakumhoji muuguzi anayeachiwa wodi nzima ya wanaume usiku kucha, yeye na mhudumu mmoja.

Huo usiku ndio wenye kidonda. Muuguzi huyo anapima presha, anabadilisha dripu, anachoma sindano za saa sita, anampokea majeruhi wa bodaboda, na papo hapo ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho wanamfokea kwamba amemtelekeza mtu wao. Yeye anajua vizuri huduma ambayo mgonjwa yule anastahili, kwa maana ameisomea na ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inayomwajibisha kuitoa, na anajua pia kwamba kwa usiku ule hataweza kuitoa. Kurudi nyumbani na dhamira ya namna hiyo, wiki baada ya wiki, ndiko kunakomaliza hamu ya kazi. Jambo likiharibika, atakayeandikishwa maelezo ni yeye. Aliyepanga ratiba haulizwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina fumbo. Kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi hulipiwa nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Hati zetu za mshahara hazina mstari wowote wa malipo ya usiku. Ukiuliza, unaambiwa yamo humo humo ndani ya mshahara. Yamo wapi?

Kuna mwenzetu aliyejilipia ada mwenyewe akatoka cheti hadi stashahada. Amekabidhiwa usimamizi wa wodi, lakini mshahara ni ule ule wa cheti.

Najua wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache kila mahali, na ni kweli Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2020 kuwa dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9. Hata hivyo, upungufu huo hauelezi kwa nini vijana wenye leseni wanazunguka na bahasha zao kutoka Moshi hadi Arusha wakitafuta ajira, ilhali wodi yetu ina muuguzi mmoja usiku.

Tunataka majibu ya dodoso lile yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, muuguzi wa pili awekwe kila wodi usiku, na malipo ya usiku yaonekane kwenye hati. Wenzangu mlioko hospitali binafsi za Kilimanjaro na Arusha, naomba mseme kama hati zenu zina mstari huo. Kama kuna aliyewahi kupeleka dai la namna hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au aliyesaidiwa na tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, atueleze alianzia wapi na aliambatanisha nyaraka gani.