Ulinganisho: kamio ya okazio ya Euro 3, Euro 5 ao Euro 6 kwa barabara ya Kolwezi na Kasumbalesa?

Mwana_Katuba
Bandugu, jambo yenu. Tunalinganisha kamio za okazio kutoka Ulaya, kichwa na remorki, tani 40 ikijaa. Kazi ni Lubumbashi–Likasi–Kolwezi, karibu kilomita 300 kwenda, na mara kwa mara Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako foleni munaijua. Tumebaki na tatu: Actros (Mercedes) ya zamani ao XF95 (DAF) ya Euro 3, Actros MP3 ao XF105 ya Euro 5, na Actros MP4 ya Euro 6; Euro ni ngazi za sheria ya Ulaya ya moshi wa magari. Muuzaji anaisifu Euro 6 kwa usafi na ulaji mdogo. Mafundi wa hapa wanasema itasimama njiani. Ninaomba sababu na hesabu.

Injekta_Kampemba
Mukubwa, kabla ya kuangalia kamio, angalia mazutu (dizeli) itakayoingia ndani yake.

Sheria za Ulaya zilibana vitu viwili: masizi, yaani zile chembe za moshi mweusi, na NOx, gesi za oksidi za nitrojeni. Euro 3 ya mwaka 2000 iliruhusu gramu 5 za NOx na gramu 0.10 za masizi kwa kila kilowati-saa. Euro 5 ya 2008 ikashuka hadi 2 na 0.02. Euro 6 ya 2013: 0.4 na 0.01. Kwa masizi, Euro 6 imeruhusiwa sehemu moja tu ya kumi ya Euro 3. Jambo hili linagusa afya moja kwa moja. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Wa kwanza kuuvuta ni shofa na konvoyeri wake, halafu wanaouza kando ya barabara.

Lakini kila ngazi ilifika Ulaya pamoja na mazutu yake. Salfa ilikuwa 350 ppm (sehemu kwa milioni) mwaka 2000, 50 ppm mwaka 2005, 10 ppm mwaka 2009. Chukua lita 1,000, uzito wake kama kilo 840. Ikiwa ni 500 ppm, umebeba gramu 420 za salfa. Kwa 50 ppm ni gramu 42. Kwa 10 ppm ni gramu 8 na kidogo. Salfa hiyo ikishaungua, sehemu inageuka asidi inayoshuka ndani ya mafuta ya motere. Sehemu nyingine inafika kwenye katalisti ya oksidi, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake, inakaa juu ya platini na kuizuia kufanya kazi. Katalisti hiyo ndiyo inayotengeneza NO2, na NO2 ndiyo inayochoma masizi taratibu ndani ya DPF, yaani filtri ya masizi ya bomba la moshi, wakati kamio inatembea. Ikikosekana, DPF inajaa upesi, kompyuta inachoma kwa nguvu mara kwa mara, na mazutu inayochomwa humo haisogezi gari hata mita moja. Mafundi wanaosema «Euro 6 inakufa» wanaona mwisho wa mlolongo huu. Motere yenyewe mara nyingi inakuwa bado nzima.

Actros MP3 BlueTec 5 na XF105 ya Euro 5 kwa kawaida hazina DPF. Zina SCR, katalisti inayosafisha NOx kwa kupuliziwa AdBlue (maji ya urea), na ni ya vanadi; vanadi inavumilia salfa kuliko platini, na kuliko zeoliti ya shaba iliyo katika SCR nyingi mpya. Kwangu, Euro 5 ndiyo ya Lubumbashi.

Ruashi_40T
Mimi ningebaki na Euro 3. OM501, motere ya Actros hiyo, ina pampu yake kwa kila silinda, na bomba fupi hadi injekta. Ikiharibika moja, unabadilisha hiyo moja, safari inaendelea. Hakuna AdBlue, hakuna sensa ya NOx, vipuri viko mjini. Mafuta ya motere ya kiwango cha Ulaya, ACEA E7 ao E4, basi.

Injekta_Kampemba
@Ruashi_40T upande wa vipuri ni kweli, na kwa mtu mwenye kamio moja, anayeweka mazutu popote anapoikuta, Euro 3 inaeleweka. Ila tusidanganyane kwamba inakula mazutu chafu. Hiyo pampu ya silinda nayo inasukuma zaidi ya bar 1,500. Maji yanaiua vilevile.

E7 na E4 umezitaja vizuri, tueleze sababu. E7 inatakiwa kuwa na TBN ya 9 ao zaidi, E4 ya 12 ao zaidi. TBN ndiyo akiba ya mafuta ya kupigana na asidi ya salfa. E6, mafuta ya motere zenye DPF, kikomo chake ni majivu asilimia 1 na TBN inaweza kuwa 7 tu. Hapo mwenye Euro 6 anabanwa pande mbili: akiweka E7 majivu yanaziba DPF, akiweka E6 pamoja na mazutu ya salfa nyingi, akiba inaisha mapema na vyuma vinaanza kuliwa. Kama salfa haijulikani, punguza kilomita za kumwaga mafuta kwa nusu ya zile za kitabu.

Bidoni_Safi
Kabla hamujaendelea na ngazi, tuongee maji, kwa sababu injekta nyingi zinakufa na maji kabla salfa haijafanya chochote. Nafasi kati ya sindano na mwili wa injekta ni mikroni chache. Tone la maji likipita hapo kwa shinikizo hilo, linakwangua chuma.

Funga filtri ya kwanza yenye bakuli la kutenganisha maji, mikroni 10 ao 30, kabla ya pampu ya kuvuta. Ile filtri nyembamba ya motere ibaki ya kiwanda, usiibadilishe na ya bei nusu. Bakuli limwagwe asubuhi kabla ya kuwasha, maana usiku maji yameshuka chini. Ukisubiri kamio itembee, yameshachanganyika. Jaza tangi jioni. Miezi ya 6 na ya 7 usiku wa Lubumbashi ni baridi, na tangi tupu linatoa jasho ndani.

Kupima mazutu: chupa nyeupe ya kioo, iache itulie nusu saa. Iwe angavu. Ikiwa na ukungu, ina maji. Mazutu ya kadafi, wauzaji wa bidoni pembeni ya barabara, mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hayalainishi pampu. Kipimo cha uzito kitakusaidia: kiwango cha Ulaya ni kilo 0.820 hadi 0.845 kwa lita, kwa nyuzi 15, na kila nyuzi moja ya joto inapunguza kama 0.0007. Kwa nyuzi 30, mazutu ya 0.835 itasoma kama 0.825. Ikisoma chini ya 0.80, usiipokee bila maelezo.

Depo_Kasumbalesa
Kuhusu salfa yenyewe. Mazutu ya huku inapitia Zambia kutoka bandari kama Dar es Salaam, Beira na Durban. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kikomo cha 50 ppm kuanzia Januari 2015. Afrika Kusini imekuwa ikiuza 500 na 50 kando kando. Kwa hiyo vituo viwili vya mtaa mmoja vinaweza kuwa na mazutu mbili tofauti, na rangi haikuambii kitu.

Anayenunua kwa jumla ana haki ya kuomba cheti cha uchunguzi cha mzigo ule ule, si cha mwaka jana. Angalia mistari mitatu: salfa (njia ya ISO 20846 ao ASTM D5453), HFRR (kipimo cha ulainishaji: upana wa alama ya msuguano) isiyozidi mikroni 460, maji yasiyozidi miligramu 200 kwa kilo. HFRR ni muhimu kwa sababu kuondoa salfa kiwandani kunaondoa pia ulainishaji wa asili. Dawa ya kulainisha isipoongezwa, pampu inakauka.

Ukiwa na kamio tatu, tangi lako mwenyewe la lita 5,000 linawezekana. Liegemee upande mmoja kidogo, koki ya kumwaga iwe upande wa chini, na bomba la kuvuta lianze juu ya sakafu ya tangi, upande wa pili.

Mwana_Katuba
Aksanti sana. Basi tukiwa na tangi la 50 ppm lenye cheti, Euro 6 inarudi?

Injekta_Kampemba
Inarudi kwa safari ya Kolwezi. Mzigo mzito na mwendo mrefu vinapasha moshi joto, DPF inajisafisha yenyewe. Kasumbalesa ndipo tatizo: masaa ya kuwasha motere bila kutembea yanajaza masizi, na joto halitoshi kuyachoma. Shofa azime motere kwenye foleni. Taa ya DPF ikiwaka na akakubali kuchoma akiwa amesimama, inachukua nusu saa ao zaidi, na moshi unatoka moto sana. Asifanye hivyo juu ya nyasi kavu ao karibu na tangi la mazutu. Wakati wa kiangazi hilo linaweza kuwasha pori zima.

Masizi yanaungua, majivu ya mafuta ya motere hayaungui. Baada ya kilomita nyingi DPF lazima itolewe, ipulizwe hewa kwa upande wa nyuma na kuokwa kwenye tanuru. Kuipiga maji ya presha kunavunja kuta za ndani.

Kenya_Garaji
Hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, wengi wanatoboa DPF na kufunga kibokisi cha kudanganya AdBlue. Kamio inatembea vizuri, gharama inaisha.

Injekta_Kampemba
@Kenya_Garaji hapana, na ninasema kwa ukali. Motere ya SCR imepangwa kuchoma mazutu mapema na kwa joto kubwa, ndiyo maana inakula kidogo. Choma ya namna hiyo inazalisha NOx nyingi kwa makusudi, kwa sababu SCR inazisafisha mbele. Ukizima AdBlue na kuacha motere vile vile, NOx inaweza kupita hata ile ya Euro 3. Umelipa bei ya Euro 5 kununua sumu ya zaidi ya miaka 20 iliyopita, na watoto wa mtaa ndio wanaivuta. Kama AdBlue ni mzigo kwako, nunua Euro 3 iliyo sawa, filtri zake nzima, injekta zimepimwa. Hiyo ni heshima zaidi.

Urea_32
Wengi wanaikimbia AdBlue kwa kutoijua. Ni urea asilimia 32.5 ndani ya maji yaliyoondolewa madini, kiwango ISO 22241. Euro 5 inatumia karibu asilimia 5 ya mazutu. Kamio ikila lita 45 kwa kilomita 100, kwenda Kolwezi ni lita 135 za mazutu na lita 7 hivi za AdBlue. Euro 6 yenye EGR, mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya motere, inatumia kama nusu ya hapo.

Usichanganye mbolea ya urea na maji ya bomba. Madini na uchafu wake vinabaki kwenye pua ya kupulizia na juu ya katalisti, na havitoki tena. Na huku kwetu, mji wa shaba, viungio vya shaba na latoni viko kila garaji: AdBlue inavila, na shaba iliyoyeyuka inaharibu SCR. Tumia plastiki ngumu ao chuma kisichoshika kutu. Kuipima kuna refraktometa ndogo ya mkononi; isome kati ya 31.8 na 33.2.

Makosa ya shofa ni mawili. La kwanza, kuzima motere na kukata swichi ya batri papo hapo. Mfumo unahitaji muda wa kurudisha AdBlue kwenye tangi. Ikibaki ndani ya mabomba inakauka na kuwa chumvi nyeupe. Asubiri dakika tano. La pili, kukwangua hiyo chumvi kwa bisibisi. Maji ya moto yanaiyeyusha.

Ikiisha njiani? Euro 5 ya tani zaidi ya 16 inabaki na asilimia 60 ya nguvu ya kuvuta baada ya kusimama. Euro 6 ni kali zaidi, mwishoni inakubakisha na kilomita 20 kwa saa. Kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 ikae kwenye kamio kila siku, imefungwa vizuri, kivulini. Chini ya nyuzi 30 inadumu mwaka, kwa nyuzi 35 miezi sita.

Virunga_Mazutu
Salamu kutoka Goma. Huku mazutu nyingi inapitia nchi za kikomo cha 50 ppm, kwa hiyo salfa inatusumbua kidogo kuliko ninyi. Kinachotuua ni mwinuko na vumbi la mawe ya volkano. Tuko karibu mita 1,500. Motere isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 1 kwa kila mita 100. Filtri ya hewa tunaangalia kwa kipimo cha mvuto, maana kuipiga hewa ya presha kila wiki kunatoboa karatasi.

Likasi_4x4
Naingilia kidogo: kwa Land Cruiser je, motere ya 1HZ ao 1GD?

Injekta_Kampemba
1HZ ni lita 4.2, haina turbo, nguvu ya kuvuta Nm 285. Ni ya pori na ya mazutu usiyoijua. 1GD ni lita 2.8, turbo na common rail (bomba moja la presha kwa injekta zote), inavuta zaidi na kula kidogo. Uliza tu ilijengwa kwa soko gani: Prado ya 1GD ya soko la Japan ina DPF na AdBlue, zile zilizojengwa kwa Afrika mara nyingi hazina.

Mwana_Katuba
Tumeamua Euro 5. Tukienda kuiona, tuanzie wapi?

Injekta_Kampemba
Fungua tangi la AdBlue kwanza. Likiwa kavu na chumvi kwenye shingo, huku kipimo cha dashibodi kinaonyesha limejaa, kuna kibokisi cha kudanganya. Kitafute nyuma ya fyuzi na kwenye waya za pampu ya AdBlue. Unganisha skana motere ikiwa baridi, soma makosa, halafu tazama sensa ya NOx: namba lazima ibadilike kutoka kusimama hadi kuvuta mzigo. Ikiganda, inadanganywa ao imekufa, na bei ya sensa uitoe kwenye bei ya kamio. Mwisho fungua kifuniko cha mafuta motere ikiwaka. Moshi ukisukuma kwa nguvu pale, ringi zimechoka, na hakuna AdBlue itakayokusaidia.