Kaingia sebuleni kwangu kauliza "foleni ya sindano inaanzia wapi?"

Mama Sebule:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wageni wametoka sasa hivi, vyombo viko mezani, sijagusa hata kijiko. Jina simtaji na msinifuate inbox, wote mnamjua. Yule dada wa rangi, mpamba nyumba za watu. Yule yule ambaye akiingia kwako anagonga ukuta kwa kucha kabla hajakusalimia. Sikumwalika, kaletwa na wifi. Kasimama katikati ya sebule, rangi bado inanukia, kazungusha shingo polepole, halafu kauliza kwa sauti ya kusikika hadi Chalinze: "Foleni ya sindano inaanzia wapi?"

FOLENI YA SINDANO! Mbele ya mama mkwe! Mama mkwe ambaye alishaanza kusema pamependeza!

Kijani kile cha ukutani nimekichagua kwa akili zangu timamu. Sebule yangu inatazama magharibi. Ikigonga saa tisa alasiri jua la Dar linaingia mpaka uvunguni mwa kochi, ukipaka chungwa humo utaiva kabla ya wali. Nikataka kijani mpauko, jicho lipumzike. Nikachukua kadi ya rangi dukani, nikatoka nayo nje kwenye mwanga maana zile taa za dukani siziamini, nikaibandika ukutani, nikaitazama asubuhi, nikaitazama mchana, nikaitazama jua likizama. Nani humu amewahi kujisumbua hivyo? Halafu mtu anatokea saa mbili usiku, hajakaa hata kitako, anaulizia sindano!

Na yeye anajua nini zaidi ya kijivu? Kila nyumba aliyoigusa toka Mbezi hadi Kigamboni ni kijivu. Ukuta kijivu, kochi kijivu, pazia kijivu, zulia kijivu. Kuna mtoto kazaliwa kwenye nyumba aliyoipamba yeye, nyekundu ataiona siku akianza chekechea. Huyo ndiye wa kunicheka mimi?

Mama mkwe alicheka, wakuu. Alitua kikombe chini ili acheke vizuri.

Mkaa Pembeni:
Pole sana. Ila bila picha huu uzi ni batili.

Mama Sebule:
[picha] Haya. Nionyesheni zahanati iko wapi hapo.

Mkaa Pembeni:
Mbona hiyo bluu?

Binti Ilala:
Bluu wapi? Kijani hiyo. Kapime macho.

Mpita Njia:
Mimi naona kijivu.

Mama Sebule:
KIJIVU? Futa hiyo comment sasa hivi.

Kaka wa Balbu:
Msitoane macho. Mmesahau Februari 2015 watu waligombania picha ya gauni moja mtandaoni? Hawa wanaona bluu na nyeusi, wale nyeupe na dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Ubongo unakisia kwanza kitu kimemulikwa na mwanga gani, ndipo unaamua rangi, na kila mtu anakisia kivyake.
Sasa dada, hiyo taa ya dari yako ni LED nyeupe, ile inayoandikwa 6500K kwenye boksi. Mwanga wake umejaa bluu. Kijani mpauko chini yake kinapoa mpaka mtu anatafuta koti. Kadi umeitazama mchana kutwa, usiku hukuitazama, na mgeni kaja usiku. Weka balbu ya 2700K, ya unjano, kisha mwite tena mama mkwe.

Mama Sebule:
Kaka asante, ila sijafungua uzi wa balbu. Mtu kaulizia foleni ya sindano NYUMBANI KWANGU. Na chai yangu alikunywa!

Fundi Mstaafu:
Na kadi ndogo inadanganya. Kile kipande cha upana wa kidole kikishakuwa kuta nne, rangi inapata nguvu mpya, kila ukuta unammulika mwenzake. Sisi tulikuwa tunapaka kipande kikubwa cha ubao, koti mbili, tunaacha kikauke kabisa maana emalshani, rangi ya maji, ikikauka inakoza, halafu tunakihamisha kona kwa kona. Ila dada, hapo chini naona mkanda wa rangi ya mafuta, usawa wa kiuno. Huo nani alikushauri?

Mama Sebule:
Mkanda ni kwa ajili ya watoto. Mikono yao unaijua? Naufuta na kitambaa, umekwisha.

Mkaa Pembeni:
MKANDA! Hapo sasa nimeelewa. Nimechanjwa surua nimeegemea ukuta wa hivyo hivyo. Nije na kadi ya kliniki?

Binti Ilala:
Panga nyuma yangu, nimewahi tangu alfajiri 😂

Mama Sebule:
Hamna adabu. Nimekuja kulia, mnanipangia foleni ile ile.

Wa Likoni:
Nyinyi wa bara mwajitesa wenyewe. Kwa bibi yangu kule Lamu ukuta ni chokaa nyeupe, basi. Nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene, vyumba virefu vyembamba, mwanga waingia kutoka ua wa ndani. Chokaa hiyo yaupokea na kuusukuma hadi chumba cha mwisho. Rangi yuwavaa bibi kwenye leso yake.

Jangwani Daima:
Huyo dada mimi namjua vizuri. Ni mtu wa Msimbazi, Simba. Kijani cha Yanga atakipendea wapi?

Mnyama Mkali:
Usituingize kwenye sebule za watu. Jirani yangu mwananchi kapaka geti kijani na njano, kila wiki wanagonga watu wakidhani ni ofisi ya tawi la chama.

Jangwani Daima:
Bora geti. Nyinyi mmepaka chumba chekundu na nyeupe, mtu analala ndani ya kopo la maziwa.

Mpita Njia:
Mna raha nyie. Mume wangu kapaka chumba cha kulala damu ya mzee, kuta zote nne, hata hakuniuliza. Ikiingia magharibi kuta zinakuwa nyeusi tii, natafuta mlango kwa kupapasa.

Kaka wa Balbu:
Giza likianza jicho linapoteza nyekundu kwanza, bluu inabaki nyuma. Mwanasayansi Purkinje wa Bohemia aliliona hilo kwenye maua karne ya 19.

Mpita Njia:
Huyo Purkinje aje amweleze mume wangu.

Mama Sebule:
Jamani, mada ni foleni ya sindano.

Binti Ilala:
Pole dada. Ila wewe umetukanwa tu, mimi nimeibiwa. Nimenunua ndoo ya lita 20, rangi ya silki safi, fundi kaitia maji mpaka inapita kwenye brashi inachuruzika. Koti tatu na waiti simenti bado inanichungulia. Wiki iliyofuata napita kwa mama ntilie jirani yake, banda zima limepakwa rangi yangu!

Fundi Mstaafu:
Si mafundi wote.

Mkaa Pembeni:
Wote. Wangu aliuza hadi tapentaini.

Mnyama Mkali:
Wangu aliaga anakwenda kula, akaondoka na rola, ngazi na kandambili zangu. Ngazi nilikuwa nimeazima.

Mpita Njia:
Wa ngazi tuwe na uzi wetu. Wangu alichukua na balbu.

Mnyama Mkali:
Nimeshaufungua, njooni huko.